Kiti cha Baraza si Zawadi: Wataalamu na Mabweni ya Vyuo Vyetu



Kila orodha ya wajumbe wapya wa baraza la chuo kikuu inapotangazwa siku hizi, watu huyapitia majina wakihesabu taaluma: mhandisi mmoja, mawakili wawili, mhasibu mmoja, daktari mmoja. Vigelegele husikika. Husemwa kwamba siasa imefukuzwa na utaalamu umekalishwa kitini. Kanisani mteule huitwa mbele, akaombewa, akapewa nafasi ya kuwasalimu waumini. Furaha hiyo hatuibezi. Nchi iliyoona viti vya umma vikigawiwa kama nyama ya harusi ina haki ya kufurahi ionapo kiti kimepewa mtu anayeijua kazi.

Hata hivyo, sisi tuliozoezwa kwa miaka mingi kupiga makofi kwanza na kuuliza baadaye, tunaomba makofi yasubiri. Lipo swali ambalo halijaulizwa: mtaalamu huyu ametumwa na nani, naye akitoka barazani hurudi kwa nani kutoa habari? Jibu likiwa kwamba ametumwa na mkubwa na hurudi kwa mkubwa, basi tumebadilisha kanzu tu. Aliyeivaa ni yule yule. Hoja tunayoitetea katika ukurasa huu ni kwamba taaluma barazani huleta faida pale mwenye taaluma anapowajibika kwa wale wanaolala ndani ya chuo hicho. Asipowajibika kwao, cheti chake ni pambo la ukutani.

CHUO CHENYE MABWENI NI NYUMBA

Tusisahau tunazungumza juu ya kitu gani. Chuo chenye mabweni ni nyumba ya mamia au maelfu ya vijana, na wengi wao ndiyo kwanza wametoka mikononi mwa wazazi. Humo wanalala, wanakula, wanaugua na kusali. Baraza likijadili bajeti, linajadili waya wa umeme unaopita juu ya kitanda cha mtu. Likiahirisha ajenda ya maji, yupo atakayebeba ndoo hadi ghorofa ya nne. Likipitisha kanuni za nidhamu, yupo kijana atakayeamriwa kuondoka na sanduku lake kabla ya jua kutua, hajui nauli ataipata wapi.

Ndiyo maana taaluma zina kazi kubwa katika baraza kama hilo. Mhasibu aulize ada ya malazi iliyolipwa na wakazi imetengeneza nini. Wakili aulize kama mwanafunzi aliyefukuzwa alisikilizwa kwanza. Daktari aulize zahanati hufungwa saa ngapi, na mgonjwa wa usiku hupelekwa na nani. Mhandisi aulize milango hufunguka kuelekea upande gani. Maswali haya hayahitaji chama wala kabila. Yanahitaji mtu anayejua, tena asiyeogopa.

Mwandishi wa makala haya ana rafiki mhandisi, mshirika wa kanisa letu. Alipoteuliwa kuwa mjumbe wa baraza la chuo kimoja, ambacho hatutakitaja, tulichinja mbuzi. Kwa miaka miwili tulimwita mheshimiwa, naye hakukataa. Jumapili moja baada ya ibada, tulipokuwa tukinywa chai chini ya mti, binti mmoja aliyekuwa akisoma katika chuo hicho alimwendea. Akamwamkia kwa adabu, kisha akasema: "Mzee, mlango wa nyuma wa bweni letu hufungwa kwa mnyororo na kufuli kuanzia saa tatu usiku, na ufunguo hukaa kwa askari wa lango. Madirisha yana vyuma. Sisi tunaolala ghorofa ya juu huulizana tutapitia wapi. Je, barazani mnalijua jambo hili?"

Rafiki yetu hakulijua. Alikuwa amehudhuria kila kikao, amesoma makabrasha yote, amepitisha ramani za majengo mapya. Lakini hakuwa ameingia katika bweni hata moja. Hakuna aliyemkataza, wala hakuna aliyemtarajia. Makabrasha yalitoka kwa wasimamizi wa chuo. Posho ya kikao ilitoka kwa wasimamizi. Hata gari la kumfikisha kikaoni lilitoka kwa wasimamizi. Habari ya kufuli angeipata wapi?

Kwa heshima yake tuseme alichofanya. Siku ya pili alikwenda mwenyewe, akapanda ngazi, akahesabu milango. Alipolileta jambo barazani aliambiwa kwamba kufuli ni shughuli ya kila siku, haihusu baraza. Tena mlango ukiachwa, wezi wataingia. Hakupata wa kumuunga mkono. Ndipo akaandika taarifa ya kurasa mbili, akatia sahihi kama mhandisi aliyesajiliwa, akaeleza kwamba jengo lililofungwa namna hiyo halifai kulaza watu, na kwamba yeye hatakuwa shahidi wa kimya. Nakala moja aliwapelekea viongozi wa wanafunzi. Wiki haikwisha kabla ya mnyororo kuondolewa na kuwekwa mlango unaofunguliwa kwa ndani. Muda wake barazani ulipomalizika, hakuteuliwa tena.

Msomaji na apime. Kwa miaka miwili utaalamu ulikuwa umeketi barazani na haukumlinda mtu yeyote. Ulianza kufanya kazi siku ulipoulizwa swali na mkazi wa bweni.

MLANGO, WAYA NA LANGO

Asiyeona uzito wa mlango na akumbuke mwaka 2015. Alfajiri ya tarehe 2 Aprili, magaidi wa al-Shabaab walivamia chuo kikuu kishiriki cha Garissa, chuo kichanga kilichofunguliwa mwaka 2011 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, katika majengo ya chuo cha zamani cha walimu. Baadhi ya wanafunzi walikuwa katika sala ya alfajiri. Wengine walifuatwa mabwenini mwao. Jioni ilipofika, watu 148 walikuwa wamekufa, wengi wao wakiwa wanafunzi.

Damu hiyo iko mikononi mwa wauaji, na sisi hatutaihamishia kwa mtu mwingine. Lakini baada ya maziko taifa zima liliuliza: lango lililindwa na askari wangapi? Ukuta ulikuwaje? Tahadhari zilizokuwa zimetolewa zilimfikia nani? Hayo yote ni maswali ya baraza. Ole wetu ikiwa tunayauliza makaburini badala ya kuyauliza vikaoni.

Siku kumi baadaye, usiku wa kuamkia mapambazuko ya tarehe 12 Aprili, hitilafu ya umeme ilisababisha mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi, nyoyo zao zikiwa bado Garissa, walidhani wamevamiwa. Walikanyagana ngazini, wakajirusha kutoka ghorofani. Mmoja alikufa na zaidi ya 100 walijeruhiwa. Hapakuwa na gaidi. Palikuwa na umeme, hofu, na vijana ambao hawakujua wakimbilie wapi. Hapo ndipo mahali pa mhandisi na daktari na mjuzi wa usalama: kufika kabla ya mlipuko, si kuunda tume baada yake.

WASOMI HAWAKUKOSEKANA

Wapo wanaotuambia kwamba maovu ya zamani yalitokana na uhaba wa wataalamu. Kwamba tukijaza mabaraza shahada, yaliyopita hayatarudi. Historia yetu inakataa. Tangu Chuo Kikuu cha Nairobi kilipoundwa mwaka 1970 hadi mwaka 2003, Rais wa nchi ndiye aliyekuwa Chansela wake, na vyuo vingine vya umma vilipozaliwa, navyo viliwekwa chini ya mkono huo huo. Waliokaa chini yake hawakuwa wajinga. Walikuwa wasomi wenye shahada kutoka pembe zote za dunia.

Na walikuwapo wakati Titus Adungosi, mwenyekiti wa chama cha wanafunzi SONU, alipofungwa miaka kumi baada ya jaribio la mapinduzi la 1982. Alifia gerezani mwaka 1988. Walikuwapo tarehe 10 Februari 1985, polisi walipowavamia wanafunzi waliokusanyika kwa maombi katika uwanja wa michezo wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Walikuwapo Februari 1997, Solomon Muruli, kiongozi wa wanafunzi, alipokufa kwa moto chumbani mwake katika bweni la kampasi hiyo hiyo ya Kikuyu, miezi michache baada ya kulalamika hadharani kwamba alitekwa na kuteswa. Kulikuwa na mawakili nchini, na wahandisi, na madaktari. Lililokosekana ni baraza ambalo mwanafunzi angeweza kulibishia hodi usiku na kufunguliwa.

Haki itendeke: si kila msomi alinyamaza. Wahadhiri waliogoma mwaka 1993 na 1994 wakidai chama chao cha UASU kisajiliwe walijua gharama yake, na baadhi yao waliilipa kwa ajira zao. Chama hicho kilisajiliwa mwaka 2003, baada ya utawala kubadilika. Basi kati ya msomi aliyesimama na msomi aliyeinama hapakuwa na tofauti ya elimu. Tofauti ilikuwa ni kwa nani kila mmoja alijiona mwenye deni.

SHERIA IMEBADILIKA, MKONO JE?

Mageuzi yameleta matunda, na asiyeyataja ni mwizi wa shukrani. Mwaka 2003 Rais Mwai Kibaki alikiacha kiti cha Chansela, na Chuo Kikuu cha Nairobi kikapata Chansela kutoka ulimwengu wa viwanda na biashara, Joe Wanjui. Mwaka 2012 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Vyuo Vikuu. Leo mtu anaweza kuandika makala kama haya bila kusikiliza hatua za viatu mlangoni.

Lakini tuisome sheria kwa macho mawili. Kalamu ya kuwateua wajumbe wa baraza la chuo cha umma imebaki mkononi mwa Waziri, na Makatibu wa Wizara wana viti vyao humo. Januari 2020 tuliona maana yake. Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilipomteua Naibu Chansela, Waziri wa Elimu aliubatilisha uteuzi huo na kulivunja baraza lenyewe. Ilibidi jambo lifike mahakamani. Hatuhukumu hapa nani alifaa kiti kile. Tunasema hivi: mjumbe anayejua kwamba aliyemweka anaweza kumwondoa kwa tangazo moja, atafikiri mara mbili kabla ya kuuliza habari za kufuli.

Na wakati kalamu ya juu ilipobaki na nguvu, sauti ya chini ilipunguzwa. Marekebisho ya mwaka 2016 yaliwanyang'anya wanafunzi kura ya moja kwa moja ya kuwachagua viongozi wao, yakaweka wajumbe wa kuchagua kwa niaba yao. Sisi wazee tunaukumbuka mwaka 1988 na kura ya mlolongo. Tunajua kwamba anayetaka kuidhibiti kura huanza kwa kuisogeza mbali na mpiga kura.

TUNAOPINGANA NAO

Wa kwanza husema: "Wanafunzi ni watoto, wana hasira, hurusha mawe. Nani atawajibika kwa watoto?" Tunajibu: mtu wa umri wa miaka 18 humchagua Rais wa Kenya. Aliyekomaa kuchagua serikali hawezi kuwa mchanga mno kuulizwa maji yanatoka mara ngapi kwa wiki. Tena mawe mengi yaliyorushwa katika vyuo vyetu yalitanguliwa na barua ambazo hazikujibiwa.

Wa pili husema: "Mtaalamu akianza kuwajibu wakazi, taaluma yake itachafuliwa na siasa." Hili ni kinyume cha maana yenyewe ya taaluma. Daktari kiapo chake kinamfunga kwa mgonjwa, hata kama mshahara wake unalipwa na mwenye hospitali. Mhandisi anayejenga daraja ana wajibu kwa atakayelivuka. Anayedhani utaalamu ni kumpendeza aliyetia sahihi barua ya uteuzi, huyo ndiye aliyekwisha kuuchafua.

Wa tatu ni ndugu zetu wenyewe wa mageuzi, na kwao tutasema kwa upole lakini bila kuficha. Wao husema: "Wataalamu wote ni vibaraka, baraza lote livunjwe." Ndugu, maji machafu hayasafishwi kwa kauli mbiu. Hesabu zilizopotoshwa zahitaji mtu anayejua kuzisoma. Tukimfukuza mhandisi kwa sababu ni mhandisi, atabaki barazani yule asiyejua mlango hufunguka upande gani, naye atafurahi sana kwamba hakuna wa kumuuliza.

BORITI KATIKA JICHO LETU

Wala tusiinyoshee serikali kidole peke yake. Makanisa yetu yana vyuo, na vyuo hivyo vina mabaraza na mabweni. Chuo cha St Paul's cha Limuru, kwa mfano, kilianza mwaka 1903 kule Frere Town kwa ajili ya kuwafunza wahudumu, kikahamia Limuru mwaka 1930, na leo ni chuo kikuu kamili. Hiyo ni amana kubwa, na ziko nyingine kama hiyo. Je, sisi washirika tunaokichangia chuo cha dhehebu letu katika harambee, tunawajua wajumbe wa baraza lake? Tumewahi kuwauliza swali? Au tunadhani kwamba baraza likifunguliwa kwa sala, basi halina haja ya kukaguliwa? Tukidai uwazi Nairobi na kuukwepa uani kwetu, Waziri atatucheka, na itakuwa haki yake.

TUNAYOYADAI

Kwanza, majina ya wanaopendekezwa kuingia barazani yatangazwe kabla ya uteuzi, pamoja na taaluma zao, biashara wanazofanya na chuo hicho, na ujamaa wao na wakubwa, ili mwenye pingamizi aseme.

Pili, kila mjumbe atembelee mabweni angalau mara moja kila muhula, bila taarifa na bila msafara, na aliyoyaona yaandikwe katika kumbukumbu za baraza.

Tatu, wajumbe wakutane na wakazi wote ukumbini mara moja kwa mwaka, wasomewe hesabu ya ada ya malazi na wajibu maswali. Mwanafunzi atakayeuliza asiadhibiwe kwa kuuliza.

Nne, wakazi wa mabweni wawe na wawakilishi barazani wenye haki ya kupiga kura, waliochaguliwa na wakazi wenyewe kwa kura ya siri na ya moja kwa moja.

Tano, mjumbe asiondolewe kabla ya muda wake ila kwa sababu iliyoandikwa na kutangazwa, naye akijiuzulu aeleze sababu zake hadharani. Kujiuzulu kwa kunong'ona ni njia nyingine ya kunyamaza.

Sita, vyama vya kitaaluma, vya mawakili, wahandisi, madaktari na wahasibu, vimlinde mwanachama anayeadhibiwa kwa kusema kweli barazani, na vimwite kujieleza yule anayetia sahihi asichokikagua.

Hakuna katika haya linalohitaji mamilioni. Bweni hutembelewa kwa miguu.

NENO LA MWISHO

Ndugu zetu wa kanisani wanaijua habari ya Nehemia. Alikuwa mtu mwenye kazi nzuri katika jumba la mfalme, na barua za mfalme alikuwa nazo. Lakini alipofika Yerusalemu hakuitisha karamu ya kupongezwa. Alitoka usiku na watu wachache, akauzunguka ukuta, akayatazama malango yaliyoteketea kwa moto, na hapo ndipo alipowaambia watu jambo lake. Na waliojenga walikuwamo mafundi wa dhahabu na watengenezaji wa manukato, watu wa taaluma kabisa. Tena wengi walijenga mbele ya nyumba zao wenyewe, mahali ambapo ukuta ukianguka, ungewaangukia wao.

Basi wewe msomaji, ambaye pengine ni wakili au muuguzi, mhasibu au mwalimu, na ambaye huenda barua ya uteuzi ikakufikia mwaka huu au ujao: usiikatae. Nchi inakuhitaji humo. Lakini kabla hatujamchinja mbuzi, nenda kwanza chuoni. Omba godoro, ulale bwenini usiku mmoja. Sikiliza bomba kama linatoa maji. Tazama waya. Sukuma mlango wa nyuma uone kama unafunguka. Asubuhi, waulize waliolala karibu nawe wanataka uwapelekee baraza neno gani. Ukilibeba neno hilo, sisi tutakuwa nyuma yako, hata siku ile ambayo hutateuliwa tena.